Tulipiga marufuku kompyuta, Wamarekani wakaandika vitabu

Wadau, leo tuache kidogo siasa na Bongo Fleva. Nataka tuzungumze historia, tena historia ya kitu ambacho wengi wetu tunakiona cha juzi juzi tu: programu za kompyuta za Serikali. Najua mada yenyewe haina mvuto kama ile ya nani kamwacha nani, lakini naomba mnivumilie. Hela zinazozungumziwa humu ni za mlipa kodi, na kuna mahali tutafika kwenye watu 28 waliopoteza maisha kwa sababu ya hesabu ya desimali.

Kila aliyekaa mjini amewahi kupanga foleni kwenye ofisi ya umma halafu akaambiwa "mtandao uko chini". Wakati mwingine mtandao hauna kosa lolote, kilichokwama ni programu yenyewe. Mimi ni mwandishi wa habari, si fundi wa kompyuta, kwa hiyo maswali yangu ni ya kiandishi. Hii mifumo inajengwaje? Nani ana mamlaka ya kusema iko tayari au haiko tayari? Na ikianguka, nani anaandika kwa nini imeanguka?

Ukiwauliza wakubwa watakujibu kwa neno moja: viwango. Kwamba tukiwa na utaratibu mmoja wa kujenga mifumo, unaofuatwa na kila wizara na kila mkandarasi, mambo yatanyooka. Mimi naliunga mkono jibu hilo, ila nusu nusu. Nimekaa nikasoma jinsi wenzetu walivyohangaika na jambo hili kwa zaidi ya miaka 50, na nilichokiona ni kwamba viwango viko vya aina mbili. Kuna vile vya kujikinga, ili kazi ikiharibika kila mtu awe na karatasi ya kuonyesha. Na kuna vile vya kujifunza. Kwa mbali vinafanana kabisa.

Tuanzie nyumbani

Mwaka 1965, uhuru ukiwa na miaka minne tu, Wizara ya Fedha ilifunga kompyuta ya kwanza Tanzania. Iliitwa ICT 1500. Msidhani hiyo ICT ndiyo hii TEHAMA yetu ya leo, lilikuwa jina la kampuni ya Uingereza, International Computers and Tabulators, ambayo mwaka 1968 iliungana na wenzake ikawa ICL.

Nia ilikuwa njema: hesabu za Serikali zihamie kwenye mashine, zitoke haraka na kwa usahihi. Matokeo yakawa kinyume. Kazi ya kuhamisha hesabu ilikwama, wataalamu walioitegemeza walikuwa wa kigeni, na hesabu ambazo zilitakiwa ziende mbio zikabaki nyuma. Mwaka 1974 Serikali ikatoa amri ya kupiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni nchini. Aliyetaka kuingiza ilibidi aombe kibali maalumu. Amri hiyo ilikuja kulegezwa polepole, na hadi miaka ya 1990 ndipo kompyuta ikaanza kuonekana kitu cha kawaida kwenye ofisi zetu. (Televisheni nazo, Bara tulianza kuziona na vituo vyetu wenyewe mwaka 1994, wakati ndugu zetu wa Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970.)

Tuwatendee haki wazee wetu. Mwaka 1974 ulikuwa mgumu. Bei ya mafuta ilikuwa imepanda vibaya tangu mwishoni mwa 1973, ukame ulikuwa umepiga, chakula kilibidi kinunuliwe nje, na fedha za kigeni zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Kwa hali hiyo hata mimi ningeiangalia kompyuta kama anasa.

Lakini hebu tazameni somo lililochukuliwa. Lawama ilikwenda kwa mashine. Ni sawa na mtu aliyegonga gari kwenye nguzo, akaamua kuliuza gari bila kuuliza kama dereva alifundishwa, kama breki zilikaguliwa, na nani alimpa ufunguo. Gari likaondoka, maswali yakabaki pale pale. Kompyuta ziliporudi miaka ya 1990, maswali yalikuwa bado yanatusubiri.

Kumbe hata wao walikuwa wanalia

Jambo ambalo sikulitegemea ni kwamba katika miaka ile ile, mataifa tajiri nayo yalikuwa yanalia kilio hicho hicho. Oktoba 1968 wataalamu walikutana Garmisch, mji mdogo wa milimani Ujerumani Magharibi, kwenye mkutano uliodhaminiwa na kamati ya sayansi ya NATO. Hapo ndipo maneno "mgogoro wa programu" yalipopata umaarufu. Programu kubwa zilikuwa zinachelewa, zinazidi bajeti, na zikifika zinakuwa na makosa kibao. Waandaaji waliuita mkutano huo wa "uhandisi wa programu", jina walilolichagua kwa makusudi ili kuchokoza. Ujumbe ulikuwa: anayejenga daraja ana taratibu zake, mbona anayejenga programu anajenga anavyojisikia?

Miaka 11 baadaye, mwaka 1979, ofisi ya ukaguzi ya Bunge la Marekani, GAO (tuseme CAG wao), ilitoa ripoti kuhusu mikataba ya programu za Serikali. Walichambua kwa undani mikataba 9 yenye thamani ya dola milioni 6.8 kwa jumla. Shikeni kalamu:

Programu za dola milioni 3.2 zililetwa lakini hazikuwahi kutumika kwa mafanikio.
Dola milioni 1.95 zililipwa na programu haikuletwa kabisa.
Programu za dola milioni 1.3 zilifumuliwa kwa kiasi kikubwa au zikatupwa baadaye.
Programu za dola 198,000 zilitumika baada ya kurekebishwa.
Programu zilizotumika kama zilivyoletwa zilikuwa za dola 119,000.

Yaani chini ya senti mbili katika kila dola moja! Ila hapa lazima niwe mwangalifu, maana takwimu hizi hunukuliwa sana vibaya. Wakaguzi hawakuokota mikataba kwa kubahatisha. Ilikuwa mikataba inayojulikana kuwa na matatizo. Kwa hiyo haituambii kwamba programu zote za Serikali ya Marekani zilikuwa mbovu, inatuambia ubovu ukitokea unafananaje. Mkataba haueleweki, aliyeagiza hajui anachotaka, aliyepewa kazi haulizi, na hakuna anayekagua mpaka siku ya kukabidhiana.

Dawa ya kwanza: karatasi

Mnunuzi mkubwa wa programu duniani wakati huo alikuwa Wizara ya Ulinzi ya Marekani. Ndege, meli, makombora, mishahara ya askari, kila kitu kilikuwa kinahamia kwenye kompyuta. Mwaka 1985 wizara hiyo ikatoa kiwango kilichoitwa DOD-STD-2167. Kilieleza hatua za kufuata na nyaraka za kuandika katika kila hatua. Kwanza andika mahitaji yote, halafu michoro, halafu programu yenyewe, halafu majaribio. Mtindo huo wa kushuka hatua moja kwenda nyingine bila kurudi nyuma huitwa "maporomoko", kama maji.

Sasa hapa kuna kichekesho. Mtu anayetajwa kila siku kuwa baba wa maporomoko ni Winston Royce, kwa makala yake ya mwaka 1970. Makala hiyo kweli ina mchoro wa hatua zinazoshuka. Lakini mara tu baada ya kuuchora, Royce mwenyewe anaonya kwamba kufanya hivyo ni hatari na kunaalika kushindwa, kisha anashauri programu ijengwe mara mbili, ya kwanza iwe ya kujifunzia. Wengi walichukua mchoro, onyo wakaliacha. Ni kama mtu aliyesoma upande wa mbele tu wa pakiti ya dawa.

Matokeo? Mwaka 1987 jopo lililoundwa kuishauri wizara hiyo, likiongozwa na Fred Brooks, aliyesimamia programu kuu ya mashine maarufu za IBM System/360 na ambaye mwaka 1975 alikuwa ameandika kitabu The Mythical Man-Month, lilisema wazi kwamba kiwango hicho kinahitaji kubadilishwa. Jopo likashauri programu zikuzwe kidogo kidogo, watumiaji wakipewa sehemu ya kwanza waijaribu. Mwaka uliofuata kikatoka kiwango kilichorekebishwa, 2167A. Desemba 1994 kikaja kingine, MIL-STD-498, nacho kikafutwa mwaka 1998. Kwa ufupi, miaka 13 ilikwenda kwa kuandika viwango na kuandika viwango vya kurekebisha viwango.

Sisemi karatasi ni mbaya. Mkataba bila maandishi ni ugomvi unaosubiri siku yake. Tatizo ni kwamba karatasi iligeuka kuwa ndiyo kazi. Mkandarasi alilipwa kwa kuleta nyaraka, ofisa alipandishwa cheo kwa kuzipokea zikiwa kamili, na programu ikiwa mbovu kila mmoja alikuwa na jalada nene la kujikinga.

Dawa ya pili: ngazi tano

Wakati huo huo wizara ile ile ilikuwa inajaribu njia nyingine. Mwaka 1984 ilifadhili taasisi mpya katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, mjini Pittsburgh, iitwayo Software Engineering Institute, kwa kifupi SEI. Mwaka 1986 akajiunga mzee mmoja aliyekuwa ametumikia IBM kwa miaka mingi, Watts Humphrey. Wizara ilikuwa na swali rahisi: kabla ya kumpa mtu tenda, tutajuaje kama anaweza kazi?

Humphrey alisema usiangalie programu aliyoileta jana tu, angalia namna anavyofanya kazi. Kutokana na wazo hilo, mwaka 1991 taasisi ikatoa kipimo kinachojulikana kama CMM, chenye ngazi tano. Nizieleze kwa lugha ya mtaani.

Ngazi ya kwanza: mnafanya kazi kwa kukurupuka. Mradi ukifanikiwa ni kwa sababu kuna kijana mmoja hodari asiyelala. Akiacha kazi, mmekwisha.
Ngazi ya pili: mnapanga muda na gharama, mnafuatilia, na mlichofanikiwa jana mnaweza kukirudia kesho.
Ngazi ya tatu: utaratibu umeandikwa na unafuatwa na ofisi nzima, si wa meneja mmoja.
Ngazi ya nne: mnapima kwa namba. Makosa mangapi, yametokea wapi, yamegunduliwa lini.
Ngazi ya tano: mnatumia namba hizo kubadilisha utaratibu wenyewe.

Nikiri kwamba nimeipenda hiyo ngazi ya kwanza, maana inazielezea ofisi nyingi sana ninazozijua, zikiwemo za magazeti!

Houston

Kuna kundi moja ambalo mwaka 1989 lilipimwa likaonekana liko ngazi ya tano, wakati waliopimwa wengi walikuwa bado ngazi ya kwanza. Ni watu walioandika programu ya kuongoza vyombo vya angani vya Marekani, vile vilivyorushwa kama roketi na kutua kama ndege, space shuttle. Walifanya kazi Houston, kwanza chini ya IBM, baadaye kampuni nyingine zikawanunua.

Msifikiri walizaliwa malaika. Aprili 10, 1981, dunia nzima ikiwa inasubiri chombo hicho kirushwe kwa mara ya kwanza, safari iliahirishwa zikiwa zimebaki dakika chache. Kompyuta kuu na ile ya akiba zilishindwa kwenda pamoja kwa saa. Kosa lilikuwa la programu, na lilikuwa la kwao. Chombo kiliruka siku mbili baadaye. Ingekuwa rahisi kutafuta kijana mmoja wa kumfukuza, waandishi tukapata picha, mambo yakaisha.

Wao walijijengea utaratibu ambao msingi wake ni kumbukumbu za aina mbili. Ya kwanza ni historia ya programu yenyewe: kila mstari uliandikwa lini, ukabadilishwa lini na kwa sababu gani. Ya pili ni daftari la makosa: kila kosa liliingiaje, liligunduliwa vipi, na kwa nini halikugunduliwa mapema zaidi. Kosa likipatikana hawaulizi "nani?" peke yake. Wanauliza ni mlango gani wa utaratibu wetu ulioachwa wazi hata likapita. Wanaufunga mlango, kisha wanarudi kukagua kama kuna makosa mengine yaliyopitia mlango huo huo.

Kufikia mwaka 1996 programu hiyo ilikuwa na mistari takriban 420,000. Matoleo matatu ya mwisho yalikuwa na kosa moja moja tu. Katika matoleo 11 ya mwisho, makosa yote kwa jumla yalikuwa 17. Na walikuwa wanakwenda nyumbani saa za kawaida za kazi.

Najua mdau mmoja ameshashika kiuno: "Hao wana hela." Kweli wanazo. Lilikuwa kundi la watu wapatao 260 na bajeti ya dola milioni 35 kwa mwaka, wakihudumia chombo cha aina moja tu. Hakuna halmashauri yetu itakayoweza. Lakini katika yote waliyofanya, daftari la makosa ndilo la bei rahisi kuliko mengine. Linataka kalamu, na linataka bosi asiyemtoa kafara anayesema ukweli.

Dhahran

Sasa tufike kwenye wale watu 28 niliowataja mwanzoni. Februari 25, 1991, vita vya Ghuba vikiendelea, kombora la Scud la Iraq liliangukia kambi ya askari wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia. Mtambo wa Patriot uliokuwa unalinda eneo hilo haukujaribu hata kulizuia. Ulikuwa unaangalia mahali pasipo sahihi.

Sababu ni hii. Mtambo ulihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde. Kwa lugha ya kompyuta, ya sifuri na moja, sehemu moja ya kumi haiandikiki kikamilifu, ni kama theluthi moja kwenye desimali zetu, 0.333 isiyoisha. Programu ilikuwa inakata mkia wa namba hiyo. Kikosi cha kosa hicho ni kidogo mno, ila kinaongezeka kadiri mtambo unavyokaa bila kuzimwa. Siku ile ulikuwa umewaka kwa zaidi ya saa 100, na kosa lilikuwa limefika karibu theluthi moja ya sekunde. Kwa kombora linaloruka kwa kasi ile, hiyo ni zaidi ya nusu kilomita.

Linaloumiza ni kwamba kosa lilikuwa limeshajulikana! Februari 11 Waisraeli, waliokuwa wanatumia mtambo huo huo, walileta taarifa kwamba ukiwaka saa 8 mfululizo usahihi unaanza kupungua. Februari 16 programu iliyorekebishwa ilikuwa tayari. Februari 21 wenye mitambo wakapelekewa ujumbe kwamba kuuacha ukiwaka kwa muda mrefu sana kunaweza kuleta kosa. Lakini "muda mrefu sana" ni saa ngapi? Ujumbe haukusema. Kuzima na kuwasha tena kungetosha kwa muda, ila askari hawakuambiwa. Programu mpya ilifika Dhahran Februari 26, siku moja baada ya maafa.

Jeshi hilo halikukosa viwango. Lilikuwa na makabati ya viwango. Kilichokosekana ni njia fupi ya habari ya kosa, kutoka kwa aliyeliona hadi kwa anayebonyeza vitufe, kwa maneno anayoyaelewa. Daftari la makosa lisilomfikia mtumiaji ni nusu daftari.

Cheti kinapogeuka mahari

CMM ilisambaa haraka. Wizara ilipoanza kuangalia ngazi ya mkandarasi kabla ya kutoa kazi, kila kampuni ilitaka ngazi. Kampuni za India ziliikumbatia kuliko mtu yeyote, na katika miaka ya 2000 sehemu kubwa ya ofisi za ngazi ya tano duniani zilikuwa India. Nawapa heshima yao: walikuwa wageni sokoni, hakuna aliyewajua, na utaratibu ulioandikwa na kupimwa uliwafungulia milango ya wateja wa Marekani na Ulaya. Hapo kiwango kilimsaidia mnyonge.

Lakini mambo yana pande mbili. Ngazi ikishakuwa sharti la tenda, kuna watakaojifunza kupanda ngazi na kuna watakaojifunza kupata cheti cha kupanda ngazi. Wahenga wa ofisi wanajua: siku ya ukaguzi sakafu inang'aa.

Na hata ukiwa na utaratibu mnene, unaweza kuzama. Mfano ni FBI. Baada ya Septemba 11, 2001, ilionekana wazi kwamba wapelelezi wao bado walitegemea majalada ya karatasi. Ukaandaliwa mfumo wa kuweka kesi kwenye kompyuta, Virtual Case File. Orodha ya mahitaji peke yake ilizidi kurasa 800. Na mahitaji hayo yaliendelea kubadilika huku kazi ikiendelea, wakuu wa kompyuta wa FBI nao wakibadilika mmoja baada ya mwingine. Mwaka 2005 mradi ulitupwa, ukiwa umemeza kama dola milioni 170.

Wakaanza upya mwaka 2006 na mradi mwingine, Sentinel, wenye bajeti iliyofika dola milioni 451. Nao ukaanza kusuasua. Mwaka 2010 FBI wenyewe wakaamua kuushika usukani. Walipunguza watu wa mkandarasi kutoka takriban 220 hadi 40, na wa kwao kutoka 30 hadi 12. Wakaacha mtindo wa maporomoko, wakawa wanajenga kipande kidogo, wanakionyesha, wanarekebisha, wanaendelea. Julai 2012 mfumo ukaanza kutumika ofisi zote.

Soma tena namba hizo. Watu walipungua, kazi ikaisha! Brooks alikuwa ameshatuambia mwaka 1975 kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Ule ushauri wa jopo lake wa mwaka 1987, wa kukuza kidogo kidogo, ulichukua robo karne kufika kwenye mlango wa FBI.

Turudi kwetu

Sasa sisi tuko wapi? Marufuku ya 1974 imebaki hadithi ya kuwasimulia wadogo zetu wasiamini. Mwaka 2012 ilianzishwa Wakala ya Serikali Mtandao, eGA, na Sheria ya Serikali Mtandao ya mwaka 2019 ikaigeuza kuwa Mamlaka, yenye kazi ya kuweka viwango vya TEHAMA na kusimamia taasisi za umma zivifuate. Tangu 2017 malipo ya Serikali yamekuwa yakiingizwa kwenye mfumo mmoja, GePG, ndiyo hiyo namba ya malipo ya tarakimu 12 unayopewa ukitaka kulipia leseni au kiwanja. Huo ni mfano mzuri wa nguvu ya kiwango. Kabla ya hapo kila taasisi ilikuwa na akaunti zake na utaratibu wake wa kukusanya. Mtu mmoja akisema "namba zote zifanane", na wote wakatii, kuna mianya mingi inazibwa.

Kwa hiyo hatuko tena kwenye kuuza gari. Tuko kwenye hatua ya kuandika kanuni za udereva, na hapo ndipo historia hii inapotuhusu, kwa sababu ndipo Wamarekani walipopoteza miaka mingi. Kwa maoni yangu, kila tukisikia mfumo mpya wa Serikali umezinduliwa kwa mbwembwe, kuna maswali matatu ya kuuliza kabla hatujapiga makofi.

La kwanza: kuna mtu mwenye mamlaka ya kusema "bado", na akisema hivyo kazi yake haitakuwa hatarini? Kama tarehe ya uzinduzi imepangwa na mgeni rasmi ameshaalikwa, na hakuna fundi anayeweza kuiahirisha, basi majaribio ni maigizo. Chombo cha angani kiliahirishwa dunia nzima ikitazama.

La pili: watumiaji wamekionja lini? Muuguzi wa zahanati, mhasibu wa halmashauri, karani wa mahakama. Kama wameuona mfumo kwa mara ya kwanza siku ya mafunzo, ujue maporomoko yamepita hapo.

La tatu, na kwangu ndilo kubwa: daftari la makosa liko wapi? Sizungumzii ripoti ya mafanikio. Nazungumzia orodha ya yaliyoharibika, kwa nini yaliharibika, na mlango gani umefungwa ili yasirudie. Ripoti za CAG hutuambia kila mwaka fedha zimekwenda wapi, na ni vizuri. Lakini mkaguzi huja baada ya mazishi. Daftari ninalolitaka linaandikwa na wajenzi wenyewe, mgonjwa akiwa hai.

Wazee wetu walituachia msemo, kosa si kosa, kosa kurudia kosa. Wale wa Houston waliuishi huo msemo bila kuujua Kiswahili. Sisi tunaoujua tangu shule ya msingi tulifunga mlango mwaka 1974 bila kuandika vizuri ndani kuna nini kilichoharibika, na kizazi cha miaka ya 1990 kikaanza upya gizani. Ingekuwa aibu kama tungekuwa na sheria, mamlaka na viwango, halafu vijana watakaorithi mifumo hii wasikute hata ukurasa mmoja unaosema: hapa tulikosea, na sababu ilikuwa hii.

Naomba kuwasilisha.